Maswali ya Wasomaji: Kusaidiana Kujiandaa kwa Mtihani wa Baiolojia

Barua nyingi tulizozipokea safari hii zimetoka kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani ya taifa, na karibu zote zinagusa mada mbili za Baiolojia ambazo zinawasumbua, yaani urithishaji na mageuko. Mwalimu wetu wa safu hii amechagua barua tano na kuzijibu.

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya bweni. Tuna kikundi cha majadiliano kinachokutana baada ya prepo, na mwenzetu anayefanya vizuri Baiolojia ndiye anayetufundisha urithishaji ubaoni. Anapoeleza tunaelewa wote, lakini jaribio likija yeye anapata alama za juu na sisi tunabaki palepale. Tatizo ni mada yenyewe au ni namna tunavyojisomea?
*Wanafunzi sita, Tabora*

Marahaba wanangu. Mada haina tatizo. Tatizo ni kwamba kila jioni anayefanya kazi ni mtu mmoja, naye ni yule ambaye tayari anaijua. Kumtazama mwenzako akichora jedwali la Punnett, lile la kukutanisha gameti za wazazi, kunakupa hisia ya kuelewa, kwa sababu kila hatua anayoiandika inaonekana kuwa na mantiki; lakini mtihani haukuulizi kama hatua za mwenzako zina mantiki, unakutaka uzianzishe mwenyewe ukiwa na karatasi tupu. Nashauri kuanzia kesho chaki ashike yule anayeona mada hii ni ngumu kuliko wote, na mwenzenu hodari akae mbele yake bila kugusa ubao, kazi yake ikiwa kuuliza tu: umeipata wapi herufi hiyo, kwa nini gameti hii (mbegu au yai) imebeba aleli moja (umbo moja la jeni) na si mbili, uwiano huo unasema nini kuhusu mtoto wa pili?

Niwaonyeshe kwa swali moja ninalolipenda kwa sababu linahusu nchi yetu moja kwa moja. Baba na mama wote wana jenotaipu (jozi ya aleli) AS, maana yake kila mmoja amebeba aleli moja ya kawaida ya hemoglobini na aleli moja ya selimundu, na wote wawili ni wazima. Mwenye chaki aanze na fenotaipu ya wazazi, yaani sifa zao zinazoonekana, aandike jenotaipu zao, aonyeshe kwamba katika meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti, kila mzazi hutoa gameti za aina mbili, A na S, kwa uwezekano sawa, kisha akutanishe gameti hizo: AA, AS, AS, SS. Hapo wengi huandika, "Katika watoto wanne, mmoja atakuwa na ugonjwa wa selimundu," na kuweka kalamu chini. Sentensi hiyo si sahihi, na hapa ndipo anayeuliza anapaswa kumkatiza mwenzake. Robo ile ni uwezekano wa kila mimba peke yake. Mimba ya nne haijui zile tatu za kwanza zilikuwaje. Uwezekano wa kila mtoto kutokuwa na ugonjwa ni robo tatu, kwa hiyo uwezekano wa watoto wote wanne kutokuwa nao ni robo tatu ikizidishwa yenyewe mara nne, yaani 81/256, karibu asilimia 32. Hata uwezekano wa kupata mgonjwa mmoja kamili kati ya wanne, jambo ambalo wengi hulidhani ni la hakika, ni kama asilimia 42 tu.

Msikubali hesabu hiyo kwa kuambiwa. Chukueni sarafu mbili za shilingi mia moja, moja iwe baba na nyingine mama; upande wenye sura ya Mwalimu Nyerere uwe A, na upande wenye swala uwe S. Rusheni sarafu zote mbili kwa pamoja mara 100, mmoja wenu akiandika matokeo, na kila marusho manne mfululizo myahesabu kuwa familia moja. Mtapata familia 25. Idadi ya SS mara nyingi itaangukia mahali fulani kati ya 17 na 33, na kuna familia kama nane hivi ambazo hazitakuwa na mtoto mgonjwa hata mmoja, ilhali nyingine zitakuwa na wawili au zaidi. Baada ya zoezi hilo hamtasumbuka tena na swali la kwa nini matokeo ya kweli hayalingani na uwiano wa kitabuni. Mendel mwenyewe, mwanzilishi wa elimu ya urithishaji, katika majaribio yake ya njegere yaliyochapishwa mwaka 1866, alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo katika kizazi cha pili, ambazo ni uwiano wa 2.96 kwa 1. Kwa mimea mirefu na mifupi alipata 787 na 277, ambazo ni 2.84 kwa 1. Kadiri idadi inavyokuwa kubwa ndivyo uwiano unavyoikaribia 3 kwa 1, na mtahiniwa anayeweza kueleza hilo kwa sentensi mbili ameshaonyesha kwamba ameelewa uwezekano, na kwamba hakukariri namba tu.

Jambo jingine ni lugha. Najua mnajadiliana kwa Kiswahili na mtihani mnaufanya kwa Kiingereza, na baadhi ya walimu huwakataza kujadiliana kwa Kiswahili. Mimi siwakatazi. Elezaneni kwa Kiswahili mpaka jambo liwe wazi kwa kila aliyepo, kisha ubao ufutwe, na kila mmoja aandike jibu zima kwa Kiingereza peke yake, halafu mbadilishane madaftari na kusahihishana. Hatua hiyo ya pili vikundi vingi huiruka kwa sababu ya uchovu wa usiku, na ndiyo inayowagharimu alama. Kwa kusahihisha, tumieni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa kila somo, ambamo mtakuta nakala za majibu mazuri na majibu dhaifu ya maswali ya miaka iliyopita pamoja na maelezo ya kasoro zake. Someni kwanza jibu dhaifu, mjaribu kutaja kasoro wenyewe, kisha ndipo msome maelezo.

Mwalimu, katika kikundi chetu tumebishana hadi tukakasirikiana. Baba ana kundi la damu AB na mama ana kundi O. Wanaweza kupata mtoto wa kundi O?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Dodoma*

Kwa kanuni mnayofundishwa na mnayotahiniwa, hawawezi. Baba wa kundi AB hutoa gameti yenye aleli ya A au gameti yenye aleli ya B, na hana aleli ya O ya kumpa mtoto. Mama wa kundi O hutoa aleli ya O tu. Watoto wao watakuwa wa kundi A au kundi B, nusu kwa nusu kwa uwezekano. Wale waliosema mtoto anaweza kuwa O nadhani walichanganya na mzazi wa kundi A ambaye amebeba aleli ya O iliyofichika, na huyo kweli anaweza kumpata mtoto wa kundi O iwapo mwenzake naye anayo aleli hiyo.

Kuna dhana moja inayojitokeza sana katika mabishano ya namna hii, kwamba aleli tawala lazima iwe ndiyo iliyoenea kwa watu wengi. Kundi O linahitaji aleli mbili fiche, na bado ndilo kundi lenye watu wengi zaidi katika nchi yetu. Utawala wa aleli unaeleza kinachoonekana pale aleli mbili tofauti zinapokutana ndani ya mtu mmoja. Hauelezi ni watu wangapi wanayo.

Naomba pia mnisikilize katika hili. Msifanye mazoezi kwa kutumia makundi ya damu ya wazazi wenu. Kadi za kliniki zina makosa ya kuandika, vipimo vya haraka hukosewa, na zipo hali adimu za kibaiolojia ambazo silabasi ya kidato cha nne haizigusi. Mtoto asiingie nyumbani na jedwali la Punnett kumhoji mama yake. Tungeni wazazi wa kubuni, wako wengi wa kuwatosha.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, na ninawasaidia wenzangu kanuni ya Hardy na Weinberg. Hesabu tunaziweza, ila hatuoni zina maana gani. Wengine wanaona ni Hisabati iliyopotea njia ikaingia kwenye Baiolojia.
*Mwanafunzi, Moshi*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuwasaidia wenzako. Ipe kanuni hiyo jambo la kweli la kulihesabu na maana itajitokeza. Ualbino wa aina iliyoenea kwetu hurithiwa kwa aleli fiche, na kiwango kinachotajwa sana kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino kati ya watu 1,400. Katika kanuni hiyo, q ni sehemu ya aleli fiche kati ya aleli zote za jamii, na p ni sehemu ya aleli tawala; chukulia kwamba mmoja kati ya 1,400 ndiyo q kwa kipeo cha pili. Tafuta kipeuo cha pili chake: q ni takriban 0.027, na p ni 0.973. Sasa tafuta 2pq, yaani sehemu ya watu waliobeba aleli hiyo bila wenyewe kuwa na ualbino. Utapata takriban 0.052, ambayo ni sawa na mtu mmoja kati ya kila 19.

Waulize wenzako darasani mko wangapi, kisha wagawanye kwa 19. Katika darasa la wanafunzi 57 mnatarajia watatu hivi wamebeba aleli hiyo, na hakuna hata mmoja anayejijua. Kwa hesabu hiyo hiyo, mtu mwenye ualbino hurithi aleli moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, mara nyingi wote wawili wakiwa na ngozi nyeusi kabisa. Hakuna laana wala usaliti wa mke unaohitajika kueleza kuzaliwa kwake. Katika nchi ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu ya ushirikina, na akina mama wameachwa na waume zao kwa kujifungua mtoto mweupe, siwezi kukubali kwamba hesabu hii imepotea njia. Waeleze wenzako pia kwamba kanuni hiyo, iliyotolewa na Hardy na Weinberg kila mmoja kwa wakati wake mwaka 1908, inadai masharti: idadi kubwa ya watu, kuoana bila kuchagua kwa kufuata jeni hiyo, kusiwe na mutesheni (badiliko la jeni), uhamaji wala uteuzi. Masharti hayo yakivunjika, marudio ya aleli huweza kubadilika kutoka kizazi kimoja hadi kingine, na hapo umeshaingia kwenye mageuko.

Mwalimu, kikundi chetu kina Waislamu na Wakristo, na tukifika kwenye mageuko kazi inasimama. Wengine wanasema hawawezi kujadili kwamba binadamu ametokana na nyani. Wengine wanakariri tu majina ya Lamarck na Darwin wapite mtihani. Tufanyeje?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanga*

Anzeni kwa kuondoa sentensi isiyokuwemo katika somo. Baiolojia haifundishi kwamba nyani hawa tunaowaona leo wamezaa binadamu. Inafundisha kwamba binadamu na sokwe wana babu wa kale wa pamoja aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, na kwamba kila ukoo ukaendelea kwa njia yake. Mwanafunzi ana haki ya kubaki na imani yake, na katika kikundi mpeaneni heshima hiyo bila kukebehiana. Mtihani kwa upande wake unamtaka aeleze ushahidi na hoja kwa usahihi, na hilo mtu wa imani yoyote anaweza kulifanya vizuri. Sisi Watanzania tena tunaishi karibu na ushahidi huo kuliko wasomaji wengi wa vitabu hivi: fuvu alilolipata Mary Leakey katika Bonde la Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, na nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika majivu ya volkano miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, vyote vilipatikana mkoani Arusha.

Hata hivyo nisingependa muanze na binadamu. Anzeni na tembo wa Gorongosa nchini Msumbiji, kwa kuwa kisa chao kinabeba urithishaji na mageuko kwa wakati mmoja. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1977 hadi 1992, tembo wa hifadhi hiyo waliuawa kwa ajili ya pembe mpaka zaidi ya asilimia 90 wakatoweka. Kabla ya vita majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18.5, baada ya vita walikuwa asilimia 50.9. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kukosa pembe huko kunaelekea kusababishwa na aleli tawala iliyo kwenye kromosomu X, ambayo huua viinitete vya kiume.

Mwenye chaki achore. Mama asiye na pembe ana X moja yenye aleli hiyo na X moja ya kawaida. Baba mwenye pembe ana X ya kawaida na Y. Nusu ya mabinti hawatakuwa na pembe, nusu watakuwa nazo. Nusu ya watoto wa kiume wanarithi aleli hiyo na hufa kabla ya kuzaliwa, na nusu iliyobaki wanazaliwa na pembe. Kwa hiyo kati ya watoto wanaozaliwa hai, theluthi mbili watakuwa wa kike, na hamtaona dume lisilo na pembe. Watafiti walikuta hali hiyo hasa porini.

Kisha mwulizaji aulize: kwa nini majike wasio na pembe wameongezeka? Jibu ambalo nimelisahihisha mara nyingi husema kwamba tembo walipoteza pembe ili wasiuawe na majangili. Mlikatae jibu hilo. Tembo hakuamua, wala hakuna jike lililoangusha pembe zake kwa hofu ya bunduki likawarithisha watoto hali hiyo. Hayo ndiyo mawazo ya Lamarck, kwamba sifa inayopatikana maishani hurithishwa, yaliyovaa nguo za Darwin, aliyeeleza uteuzi asilia. Majike wasio na pembe walikuwepo kabla ya vita, kama zile asilimia 18.5 zinavyoonyesha. Mazingira yakabadilika kwa kuingia majangili, wenye pembe wakauawa zaidi, wasio nazo wakabaki wakazaa, watoto wakarithi aleli, na sehemu ya aleli hiyo katika kundi zima ikaongezeka. Fuateni mpangilio huo kila mnapojibu swali la uteuzi asilia: tofauti zilizokuwepo, badiliko la mazingira, kunusurika kwa baadhi, kuzaa, kurithisha, kubadilika kwa kundi. Mwanafunzi akiandika "ili" katika jibu la mageuko, mwenzake azungushie duara neno hilo na amtake aandike upya.

Mkishamaliza tembo, rudini kwa wazazi wale wa AS niliowaeleza wenzenu wa Tabora, na mjiulize kwa nini aleli ya S haijatoweka ilhali kwa karne nyingi watoto wengi wenye SS walikufa kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana aleli hiyo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi ambako malaria ilikuwa haba. Vimelea vya malaria navyo viliteuliwa kwa njia hiyo hiyo: klorokwini ilitumika hadi vimelea sugu vikazidi vingine, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria. Malawi, iliyoiacha mwaka 1993, baadaye ilishuhudia vimelea visivyo sugu vikirudi kuwa vingi, kwa sababu usugu haukuwa tena na faida pale dawa ilipoondolewa. Mada mbili mnazozisoma kwa madaftari mawili ni mada moja, na mkizijadili kwa pamoja mtapunguza kazi kuliko kuiongeza.

Mimi ni mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Wenzangu wananitegemea niwaeleze Baiolojia kila jioni, nami nahofia muda wangu wa kusoma unaliwa. Niwaambie nini bila kuwavunja moyo?
*Msomaji wa kike, Mombasa*

Binti yangu, usiache kuwasaidia, ila badilisha unachowapa. Kumweleza mtu upya jambo lililo wazi kitabuni kunakula muda wako bila kukufaidi, na hakumfaidi sana yeye. Waambie kwa upole kwamba kila anayekuja na swali aje na karatasi yenye jaribio lake, hata kama limeishia mstari wa pili, nawe utaanzia pale alipokwama. Maswali yatapungua, kwa sababu wengine watajikwamua wenyewe wakiwa wanaandika, na yale yatakayobaki yatakuwa magumu kiasi cha kukufundisha na wewe. Tenga jioni mbili kwa wiki kwa ajili ya kikundi, nyingine ziwe zako, na siku hizo uzitaje mapema ili asiwepo wa kuona amekataliwa. Katika jioni zile mbili, wape swali la himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri) au upofu wa rangi ambalo hujalitatua wewe mwenyewe, mlifanye kila mtu kivyake kwa dakika 10, kisha mlinganishe majibu. Pale mnapotofautiana ndipo mkae, hata kama ni usiku mzima kwenye swali moja.